Msaada Mdogo kwa Wanaowaunganisha Majirani
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Bukoba na Muleba



Bwana Katibu aliniandikia kwamba nizungumze juu ya jambo lo lote lipasalo makarani, nami nimechagua jambo ambalo halimo katika kanuni za kazi wala halina faili katika ofisi yo yote. Nataka kusema habari za watu wanaowaunganisha majirani, na kwamba yafaa chama chetu kiwape msaada mdogo wa fedha. Najua ya kuwa neno "fedha" likitajwa katika mkutano wa makarani kila mtu hushika mfuko wake. Nawaomba mnisikilize hata mwisho kwanza, kisha mnipinge.

Vyama vya watumishi wa Serikali katika nchi hii vilianza Tanga mwaka 1922, kwa juhudi ya Bwana Martin Kayamba. Watu wale walikuwa wageni mahali walipofanya kazi, wengine Waislamu na wengine Wakristo, nao walitaka mahali pa kukutana bila kuulizana dini wala kabila. Hapa kwetu Bukoba, mwaka 1924, makarani na wenzao walianzisha Bukoba Bahaya Union. Nayataja haya ili mtu asiseme kwamba ujirani ni kazi ya wazee wa vijiji, haituhusu sisi wa kalamu. Ndilo jambo lililotufanya tuwe na chama.

Zamani katika nchi ya Buhaya, watu wawili wasio wa ukoo mmoja walipotaka kuaminiana walifanya omukago. Kila mmoja alichanjwa kidogo, punje ya kahawa ikapakwa damu yake, na mwenzake akaimeza. Punje hizo mbili zilitoka katika tunda moja, ambamo zilikuwa zimelala pamoja kama mapacha. Tangu siku ile kumdhuru mwenzako, au kumnyima msaada katika shida, ilikuwa mwiko mkubwa. Leo hatumezi damu ya mtu, na waganga wa hospitali wangetukataza, nao wana haki. Kilichobaki ni kahawa ya kutafuna apewayo mgeni aingiapo nyumbani, na tena vyama vya mazishi, ambavyo wengi huviita Bujuni, neno la Kihaya lenye maana ya msaada.

Juu ya Bujuni sina haja ya kuwafundisha wenyeji. Lakini wamo kati yetu waliohamishwa kuja huku kutoka mikoa mingine, na kwa ajili yao nitaeleza. Nyumba zilizo karibu huandikwa katika daftari. Mtu akifa, kila nyumba hutoa kilichopangwa: ndizi, maharagwe, kuni, fedha kidogo, na watu wa kuchimba kaburi, kupika na kulala na wafiwa. Asiyefika hutozwa faini. Asiyelipa faini hufutwa, na kufutwa ni adhabu iogopwayo kuliko mahakama ya mwanzo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa katika mkoa huu. Miaka iliyofuata misiba iliandamana hata matanga ya nyumba moja hayajaisha, ya nyumba ya pili yameanza. Desturi ya kukaa siku nyingi bila kushika jembe ilipunguzwa, maana watu wangalikufa njaa juu ya msiba. Kupunguza siku za matanga si jambo dogo, Mabwana. Hapana amri ya Serikali iwezayo kulifanya. Lilifanywa na watu walioaminiwa, waliokwenda kusema na wenye nyumba mmoja mmoja, wakatukanwa na wengine, wakarudi tena.

Watu wa namna hiyo ndio ninaowasema leo. Hawana cheo. Mwenyekiti wa kitongoji ana cheo chake, na kiongozi wa dini ana chake, wala siwadharau. Nasema juu ya yule ashikaye daftari, yule ajuaye ya kwamba fulani na fulani hawasalimiani tangu mgomba uliovuka mpaka, na yule agongaye mlango wa mgeni siku ya pili baada ya kuhamia.

Nitawapa mfano mmoja niujuao. Karani mmoja, kijana, alihamishiwa kwetu kutoka kusini. Alipanga nyumba, akaenda kazini asubuhi, akarudi jioni, akafunga mlango. Si kwa kiburi, bali kwa kutojua lugha wala desturi. Hakuandikwa katika Bujuni yo yote. Mwaka wa pili mtoto wake akafariki usiku. Majirani walisikia kilio, nao waliona huruma, lakini kanuni ni kanuni: asiyeandikwa hachimbiwi, maana leo ukimchimbia bure yeye, kesho nani atalipa? Mama mmoja, mshika daftari wa mtaa ule, muuza ndizi sokoni, alitoka usiku ule ule akazunguka nyumba hata nyumba. Kwa waliokaa mbali alipanda pikipiki ya kukodi, na wengine aliwapigia simu kwa fedha yake. Aliwaambia, "Mwandikeni leo, na faini ya miezi yote iliyopita nitaisimamia mimi." Asubuhi kaburi lilichimbwa. Kijana yule yuko hata sasa, anasema Kihaya kibovu kichekeshacho, na akisikia msiba yeye hufika wa kwanza na jembe lake.

Siku nyingi baadaye nilimwuliza mama yule usiku ule ulimgharimu nini. Hakutaka kusema. Nikamhesabia mwenyewe: pikipiki, simu, karatasi, siku moja bila kwenda sokoni, na mtaji uliopunguka. Kwa karani mwenye mshahara ni kitu kidogo. Kwake ilikuwa bidhaa ya juma zima. Tena hakuifanya mara moja. Huifanya kila mwezi, na kila mwezi hutoa mfukoni mwake. Ikiwa mtu huyo atachoka au kufilisika, mtaa mzima utakosa kitu ambacho haukujua kwamba ulikuwa unakinunua kwa fedha yake.

Pengine mtasema, majirani wenyewe wataona na kusaidiana. Mwaka 2000 wachunguzi waliuliza nyumba 119 za kijiji cha Nyakatoke, Wilaya ya Bukoba Vijijini: ukipatwa na shida wamwendea nani, na nani hukujia wewe? Bwana Joachim De Weerdt aliyeandika habari hizo alionyesha kwamba watu huambatana kwa udugu, kwa ukoo, kwa dini, na kwa kukaa karibu. Hayo tungeweza kumwambia bila kuuliza. Lakini alionyesha na jambo la pili, ambalo sisi hatupendi kulisema: nyumba maskini zina watu wachache wa kuwaendea kuliko nyumba zenye mali. Yule mwenye haja zaidi ndiye mwenye milango michache ya kubisha. Basi msaada wa majirani, ukiachwa uende wenyewe, humfuata aliye nacho.

Nawaombeni sasa twende Muleba, katika kata ya Nshamba. Huko mwaka 2003 ilianzishwa kazi iitwayo Kwa Wazee. Bibi na babu waliobaki na wajukuu yatima walianza kupewa fedha kidogo kila mwezi: shilingi 6,000 kwa mzee, na 3,000 zaidi kwa kila mtoto aliyemlea. Mwaka 2008 ilitolewa taarifa ya uchunguzi juu ya kazi hiyo, na jina la taarifa lataja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Wengine watacheka. Chumvi! Lakini kila aliyelelewa kijijini ajua kwamba mtu asiye na chumvi haendi kuomba chumvi mara ya tatu, maana mara mbili za kwanza hajazirudisha. Huanza kupita njia ya nyuma. Hukosa arusi kwa kukosa cha kubeba, hukosa msiba kwa haya, na mwisho watu husema ana roho mbaya. Nanyi mwajua maneno ya namna hiyo juu ya mwanamke mzee akaaye peke yake hufika wapi. Mpe sabuni na chumvi yake mwenyewe, ataweza kuazima na kuazimwa, atarudi katika hesabu ya watu. Tena wazee wale walijiunga katika vikundi vidogo vya kusaidiana, mwenye nguvu akimwendea asiyeweza kutembea. Kwa maoni yangu hilo ni tunda kubwa kuliko fedha yenyewe, na lisingalizaliwa bila fedha hiyo ndogo.

Najua kwamba Serikali imekwisha kufanya mengi. Tangu mwaka 2000 kuna TASAF. Tangu mwaka 2018 sheria yazitaka halmashauri zitenge sehemu kumi katika mia ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ni mambo mema, na baadhi yetu ndio tunaoandika hati zake. Lakini mkopo ni kwa mwenye biashara, nao hurudishwa. Yule apatanishaye majirani wawili juu ya mpaka wa kibanja, atarudisha kwa faida gani? Ataandika nini katika fomu mahali paulizapo "aina ya mradi"?

Nchi nyingine zimelifikiri jambo hili. Mji wa Seattle katika Marekani ulianzisha mwaka 1988 mfuko wa kuwapa majirani fedha kwa kazi walizozichagua wenyewe, kwa sharti kwamba nao watoe kiasi kilicho sawa, na jasho lao likahesabiwa kama fedha. Sharti hilo limenipendeza. Mzee asiye na shilingi ana jasho, na jasho lake likiandikwa katika daftari haoni haya.

Wala mtu asidhani kwamba jambo lenyewe ni la misiba tu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipoangusha nyumba zetu na kuwaua watu wasiopungua 17, waliowatoa wenzao chini ya matofali ya kwanza ni wale waliojua nani analala chumba gani. Na Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotokea katika kata za Maruku na Kanyangereko, wagonjwa walikuwa 9, nao 6 wakafa. Watu 212 waliowakaribia walitafutwa na kuangaliwa, na tarehe 2 Juni ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha. Aliyewahi kupeleka barua ya Serikali kijijini ajua mlango hufunguliwa kwa nani. Hufunguliwa kwa uso ujulikanao, si kwa muhuri.

Sasa nijibu mapingamizi, maana nimekwisha kuyasikia uani kabla ya mkutano.

La kwanza, kwamba fedha huharibu. Mtu aliyefanya kwa moyo, ukimlipa, kesho atafanya kwa malipo. Hili ni pingamizi la kweli, nami silitupi. Kwa sababu hiyo sisemi tumlipe mshahara. Twamrudishia alichokwisha kutoa, na kidogo cha kuendelea: daftari, nauli, sufuria kubwa ya mtaa, turubai la msibani. Kiasi kikiwa kikubwa watu watakigombania, na anayekipata atachukiwa. Kikiwa kidogo kitamfaa mwenye kazi, na mvivu hatakitamani.

La pili, kwamba wagombea wa kura watakitumia. Basi asipewe ye yote aliye katika cheo cha siasa au anayekitafuta. Wala mtu asijiombee mwenyewe. Jina litajwe na majirani wasiopungua watano wa nyumba tofauti, na wawili kati yao wawe wa dini au kabila lisilo lake. Hapa nitasisitiza, maana mtu awapendaye watu wa kanisa lake tu au msikiti wake tu hajaunganisha kitu. Amekaza fundo lililokuwako.

La tatu, kwamba michango imekuwa mingi: arusi, shule, mwenge, wagonjwa. Ni kweli, na kwa hili sina jibu zuri, ila hesabu. Wanachama 100 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 1,200,000. Tukimpa kila mtu 60,000, tutawafikia watu 20, kumi Bukoba na kumi Muleba. Shilingi 1,000 ni bei ya kitu ambacho wengi wetu tutakinunua leo jioni, nami sitakitaja mbele ya mabibi.

Hesabu ya matumizi isiletwe kwetu kwa fomu. Isomwe kwa sauti katika kikao cha Bujuni ya mtaa wenyewe. Huko ndiko kuna wakaguzi wakali kuliko wa Serikali. Na picha zisipigwe. Mtu akipigwa picha anapokea bahasha, siku ya pili majirani humwita "mtu wa chama", nasi tutakuwa tumemwondoa mahali tulipotaka kumwimarisha.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta shauri hili lipigiwe kura: kwamba kila mwanachama atoe shilingi 1,000 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja tu, na mwisho wa mwaka mkutano uamue kama liendelee au life. Fedha zishikwe na Mweka Hazina katika daftari la peke yake, zisichanganywe na ada. Kamati iwe ya watu watano, wawili wa Muleba, na mmoja kati ya watano awe mwanachama aliyehamishiwa huku asiyekaa bado miaka miwili, kwa kuwa mgeni huona haraka ni nani aliyemkaribisha. Majina ya kwanza yapokewe baada ya miezi mitatu. Wanachama wa Nshamba, Kamachumu na Rubya wayapeleke kwa katibu wa tawi la Muleba, wasipate taabu ya kuja mpaka Bukoba mjini.