Pumzi Ndefu, Mwendo wa Taratibu: Mwili Unavyoweza Kuituliza Akili

Utangulizi

Moyo hauamrishwi. Mtu hawezi kuuambia upunguze kasi ukatii, wala hawezi kuliagiza tumbo lisage chakula upesi. Kazi hizo huendeshwa na mfumo wa neva usiongoja idhini ya mwenye mwili. Pumzi iko tofauti: usiku kucha hujiendesha yenyewe, lakini mtu akiwa macho anaweza kuishika, kuirefusha au kuizuia.

Hoja ya mada hii ni kwamba kupitia pumzi mtu huyafikia yale asiyoweza kuyaamrisha moja kwa moja, na kwamba mwendo wa taratibu, kama ule wa yoga na taichi, humwezesha kudumu katika utulivu huo. Ni ujuzi wa mwili, na kama ujuzi mwingine wowote, hufundishika.

Kinachotokea mwilini

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anapovuta hewa mapigo ya moyo huongezeka kidogo, anapoitoa hupungua. Mwenye shaka aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, apumue polepole, asikilize.

Inayohusika hapo ni neva ya vagasi. Hutoka kwenye shina la ubongo, hupita shingoni na kufika moyoni, mapafuni na tumboni. Pumzi inapotoka, neva hii huushika moyo kama breki. Ndiyo sababu walimu wengi husisitiza kwamba muda wa kutoa hewa uzidi ule wa kuivuta.

Ubongo nao haubaki nyuma. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza kikundi kidogo cha seli kwenye kituo cha upumuaji cha panya, kinachopeleka taarifa katika sehemu ya ubongo inayoamsha hali ya tahadhari. Seli hizo zilipoondolewa, panya waliendelea kupumua lakini wakawa watulivu isivyo kawaida. Walipowekwa mahali pageni, badala ya kuhangaika huku na huko walitulia wakijisafisha manyoya.

Rozari na mantra

Swali la imani huzuka mapema katika mafunzo ya aina hii. Baadhi ya Waislamu na Wakristo husita, wakihofu kwamba mazoezi ya pumzi ni ibada ya dini nyingine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 na mtafiti Luciano Bernardi na wenzake una la kuwaambia. Walipima watu 23 wenye afya njema wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Katika hali zote mbili kupumua kulishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mpangilio uleule. Mapafu hayakubagua dini. Kwa hiyo mwezeshaji anaweza kufundisha pumzi tupu, bila jina geni wala mkao wa ibada, na kila mshiriki akabaki na imani yake.

Mwili unapoingia kazini

Kukaa kimya na kufuata pumzi huwashinda wengi, kwa kuwa mawazo hukimbia. Mwendo huyapa kazi. Taichi iliibuka katika kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan nchini China, katika karne ya 17. Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mfululizo mfupi wa mienendo 24, ambao mpaka leo hufundishwa sehemu nyingi duniani. Uzito huhama kutoka mguu hadi mguu polepole kiasi kwamba anayewaza jambo jingine hupepesuka.

Faida yake imepimwa. Huko Oregon, Marekani, wagonjwa 195 wa Parkinson waligawanywa makundi matatu: taichi, mazoezi ya kujenga misuli, na ya kujinyoosha. Walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa kundi la taichi lilishinda mengine yote mawili kwa kusimama imara, na lilianguka mara chache kuliko kundi la kujinyoosha.

Karibu na nyumbani, shirika la Africa Yoga Project limekuwa ikiwafunza vijana wa Nairobi tangu mwaka 2007, wengi wao wakitoka mitaa ya mabanda. Kijana anayehitimu huwa mwalimu na hupata riziki kwa kazi hiyo.

Tahadhari

Kupumua haraka kwa makusudi hupunguza hewa ukaa mwilini, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, na kizunguzungu hufuata. Wajawazito, wenye pumu au maradhi ya moyo wasizuie pumzi kwa muda mrefu. Walionusurika ukatili huweza kuingiwa na hofu zaidi wanapoambiwa wafumbe macho. Hao wayaache wazi na kutazama sakafu. Mgonjwa wa sonona aendelee na matibabu yake. Mazoezi haya ni nyongeza.

Mapendekezo

Kwanza, vituo vya kazi vianze na dakika 5 za mazoezi ya pumzi kwa siku. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2023 ulitumia muda huohuo kwa mwezi mmoja. Waliovuta hewa mara mbili mfululizo kisha kuitoa polepole kwa mdomo waliboreka hisia kuliko waliofanya taamuli.

Pili, walimu na wauguzi wafunzwe mwanzo, kwani wao huwafikia wengi.

Tatu, kila mshiriki ahesabu pumzi zake kwa dakika akiwa ametulia, leo na baada ya wiki nne, na aandike namba zote mbili daftarini ili kikao kijacho kijadili takwimu zake chenyewe.