Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Malezi ya Kikristo katika Nyanda za Juu Kusini



Niliombwa nizungumzie malezi ya Kikristo na misukosuko ya zama hizi. Najua mnangoja nianze na simu za mkononi. Nitazifikia, tena kwa ufupi. Naanza na uji.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mkoani Iringa watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe ni 50. Wastani wa taifa ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine: mahindi, viazi, maharage, maziwa, parachichi. Tena Injili ni ya siku nyingi huku kwetu. Wamoraviani walianza Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin wakaingia mwaka huohuo, na kabla karne ile haijaisha Wabenediktini walikuwa wameshafika Tosamaganga. Hatuwezi kusingizia njaa, wala kusema Neno halijatufikia.

Sasa tazameni siku ya mama wa kijijini Kilolo, mkoani Iringa, msimu wa kupanda. Alfajiri anakoroga uji mweupe, anaujaza kwenye chupa ya chai, anamwachia binti wa miaka saba amlishe mdogo wake. Yeye anashika jembe. Maziwa yameshakwenda kwenye kituo cha kukusanyia, mayai yanangoja gari la mjini. Mpaka jua linazama mtoto amekula mara mbili, na mara zote mbili ni uji uleule. Baba je? Mvua zikishakolea na ulanzi, pombe ya mianzi, ukaanza kutiririka, wote tunajua alipo. Wataalamu wa lishe wanatuambia siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo zinazoamua. Kinachopotea hapo ni vigumu kukirudisha. Mama huyu simlaumu. Namlaumu anayeuza trei la mayai akarudi kutoka kilabuni mikono mitupu, halafu Jumapili anakalia benchi la mbele.

Kwa mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa jijini Mbeya au mtumishi wa umma wa Iringa mjini, mayai yapo mezani. Huko mtoto hupelekwa bweni hajajua hata kufunga viatu. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Yaani ilibidi serikali itukumbushe kulala nyumba moja na watoto wetu. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi nyumba za Dar es Salaam zimekuwa zikitafuta dada wa kazi kutoka Iringa. Binti yetu analea wa wenzetu, wetu analelewa na kengele.

Simu? Huingia pale ambapo mzazi hayupo. Nilisema kwa ufupi.

Lililo gumu kulisema mbele ya wachungaji ni kwamba kanisa nalo linachukua saa za nyumbani. Jumatatu kikao cha ujenzi, Jumatano kwaya, Alhamisi jumuiya, Ijumaa mkesha, Jumapili mnada wa mavuno hadi saa tisa alasiri. Anayehudhuria yote haya husifiwa kwa bidii yake. Hakuna anayemuuliza mwanawe amekula na nani. Kuhani Eli hakukosekana hekaluni Shilo, na wanawe Hofni na Finehasi wakaharibikia palepale penye sadaka. Zamu zake hazikumwokoa na hukumu.

Kwa hiyo ninyi viongozi wa sharika na parokia nawaomba hivi. Vikao vya jioni viishe kabla ya chakula cha usiku, hata kama ajenda imebaki. Na siku ya ubatizo, wasimamizi wanapoahidi kumlea mtoto katika imani, waombe pia kadi yake ya kliniki, wasome uzito na urefu, kisha warudi kuiangalia kila baada ya miezi mitatu hadi atimize miaka miwili. Mchungaji atakayekuwa wa kwanza kulijaribu jambo hili, aanze na watoto wa wazee wa kanisa.