Karatasi na Njia ya Misafara



Neno letu "karatasi" limetoka mbali. Twalipata kwa Waarabu, nao walilipokea kwa Wayunani, waliokuwa wakiliita hivyo gombo la mafunjo ya Misri. Mafunjo hayo ndiyo yaotayo hata katika mabwawa ya Malagarasi, magharibi ya Tabora. Wamisri waliyapasua vipande vyembamba, wakavipanga kwa kukingamana, wakavigonga na kuvianika. Lakini karatasi yenyewe ilianza Uchina, kwa maganda ya miti na matambara yaliyopondwa. Mwaka 105 Cai Lun aliionyesha mbele ya mfalme wake. Katika karne ya 8 Waarabu wakajifunza kazi hiyo, na biashara ya bahari ikaileta karatasi pwani kwetu. Toka pwani ilipanda bara vichwani mwa wapagazi.

Basi mzigo ukichelewa, mwandishi hana pa kuandika. Ndivyo yalivyompata Daktari Livingstone huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871. Alitwaa gazeti kuukuu la London la mwaka 1869, pamoja na makaratasi mengine yaliyokwisha kupigwa chapa, akaandika juu yake kwa wino wa mbegu za mmea. Tarehe 15 Julai watu wa wafanya biashara ya watumwa walipiga bunduki sokoni. Wakafa mamia, wengi wao wanawake. Naye akayaandika aliyoyaona.

Baadaye aliyanakili katika kitabu kikubwa, kiitwacho hata leo kwa jina la Unyanyembe. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, akikichukua kitabu hicho kimetiwa muhuri. Habari za Nyangwe zikawachoma watu wa Uingereza. Na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja.

Lakini wino wa gazeti ulififia hata usisomeke. Mwaka 2011 wataalamu waliusoma tena kwa picha za mianga mbalimbali, wakaona ya kuwa maneno ya kwanza hayalingani yote na nakala.

Ndugu zangu, nakala ni njema, lakini shahidi wa kwanza ni karatasi ya asili. Tazameni basi masanduku yenu: barua za mababu, vyeti, vitabu vya ubatizo vya parokia. Vitieni mahali pakavu, mbali na ardhi. Mchwa hajui kusoma, bali ajua kula.