Hita ya Gari, ya Zamani na ya Sasa

Baridi ya Kichiwa mwezi wa Julai mnaijua. Kioo kikijaa ukungu kati ya Makambako na Njombe, dereva halioni lori lililo mbele yake.

Katika gari la zamani, waya ulivuta valvu ya maji moto yatokayo kwenye injini. Ukikatika, fundi aliuona kwa macho. Hata mitambo mingi ya kwanza ya kujirekebisha yenyewe ilitumia vipira vya kuvuta hewa. Kikipasuka kimoja, ulisikia mlio. Leo sensa hupima joto, kompyuta huamua, na mota ndogo hufungua vilango vya hewa. Mota ikikwama, jicho halitoshi. Pawepo mashine ya kusoma makosa, na anayeielewa.

Mwaka jana hita yangu ilitoa baridi. Fundi mmoja akabadilisha kompyuta, nikalipa karibu mshahara mzima, baridi ikabaki. Mzee mmoja akasubiri injini ipoe, akafungua rejeta: maji yamepungua! Hita ya zamani na ya sasa hunywa maji hayo hayo. Akaziba mpira uliovuja, akajaza maji, nami nikafika Njombe kioo kikiwa cheupe.