Muuguzi na Siri ya Mgonjwa



Kazi za muuguzi mwazijua: kutoa dawa, kufunga vidonda, kuzalisha. Leo nataka kunena juu ya ile isiyoonekana, nayo ni kuhifadhi siri ya mgonjwa.

Hapa Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba, na muuguzi atokaye Hospitali Kuu ya Pwani hupita mbele ya baraza zetu. Humwuliza, kwa mapenzi tu: "Mwanangu, binti wa fulani ana maradhi gani?" Akinyamaza, twasema ana kiburi. Wazee wangu, si kiburi. Jina lake limo katika daftari la Baraza la Wauguzi, kwa Sheria ya mwaka 1983, na akivunja amana aweza kufutwa. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yamlinda mgonjwa.

Na hasara iko kwetu sote. Mwenye kifua kikuu akichelea kutajwa barazani, haendi hospitali. Hukaa ndani akikohoa, na walalao naye chumba kimoja huambukizwa.

Basi tutakapo habari za mgonjwa, twende kwake wenyewe, tupige hodi. Asipotwambia, tumwombee dua, turudi.