DAFTARI LA DENI NI AMANA
(Maneno ya mwanachama mwenye duka mbele ya mkutano wa tawi)



Mimi ni mtu wa duka. Chini ya mizani yangu limo daftari la deni, na ndani yake imo siri ya mtaa mzima: nani kapunguza mchele, nani kakopa sukari ya khitima, nani hajalipa tangu Mfungo Mosi. Siku moja, kwa hasira, nalimsomea mdeni hesabu yake mbele ya watu. Alilipa yote jioni ile, na hata leo hajapita tena mlangoni kwangu. Fedha nalizipata, mtu nikampoteza. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa deni ni langu, lakini siri ni yake.

Leo daftari kubwa kuliko langu limo mikononi mwa mabenki na makampuni ya simu. Kila ulipapo kwa simu huandikwa kiasi, saa, na aliyepokea. Mwaka 2012 ilianza huko Kenya mikopo ya M-Shwari, ambayo kiwango chake hupimwa kwa kutazama jinsi mtu atumiavyo simu yake na fedha zake. Basi matumizi yetu yamekuwa shahidi juu yetu. Na mwanachama alipaye ada kwa simu, naye huandikwa. Jee, ni nani atakayesoma?

Huko Marekani, mwaka 1976, Mahkama ya juu kabisa iliamua kuwa kumbukumbu hizo ni za benki, wala mteja hana faragha ya kudai. Ikabidi itungwe sheria mwaka 1978 ili serikali isizifungue ovyo.

Sisi tunayo Ibara ya 16 ya Katiba ya Muungano, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii yampa mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake, na yasahihishwe yakiwa na kosa.

Hatusemi wasiandike. Sura ya Al-Baqara yenyewe yaamrisha deni liandikwe. Lakini Al-Hujurat yakataza kupelelezana. Kuandika ni haki, kupekua ni dhulma.

Kwa hivyo, ndugu zangu, msikubali masharti msiyoyasoma. Ulizeni, tena kwa maandishi. Atakayejibiwa kwa dharau na aje hapa tawini, tumsaidie kuiandikia Tume inayohusika.

Mwenye daftari na amche Mungu, na mwenye deni asione haya kuuliza.