Mpango Wenye Jina la Mtu



Wahamiaji wengi walioingia Ufini miaka ya 1990 walisota bila kazi. Uchumi wa nchi ulikuwa umetoka kwenye mdororo mkali, lugha ilikuwa ngumu, na ofisi za ajira ziliwapeleka kwenye kozi zile zile walizopelekwa wenyeji. Tarehe 1 Mei 1999 sheria mpya ilianza kutumika: kila mhamiaji asiye na kazi akae na afisa, waandike mpango wake mwenyewe.

Sheria hiyo iliwabana walioandikishwa kuwa wakazi baada ya tarehe 1 Mei 1997. Waliotangulia kidogo hawakuguswa, ingawa hali zao zilifanana kabisa na za wenzao. Hapo watafiti Matti Sarvimäki na Kari Hämäläinen wakapata nafasi adimu ya kulinganisha. Walifuatilia makundi yote mawili kwa miaka 10. Katika matokeo waliyochapisha 2016, mpango ulikuwa umeongeza jumla ya kipato cha wahamiaji kwa asilimia 47, na kupunguza misaada ya serikali waliyopokea kwa asilimia 13.

La kushangaza ni kwamba siku za mafunzo hazikuongezeka sana. Kilichobadilika ni aina ya mafunzo. Kozi za jumla za kutafuta kazi zilipungua, zikaongezeka za lugha na zile zilizoandaliwa kwa ajili ya wahamiaji.

Miongoni mwa wakimbizi waliopokewa Ufini wamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Tuseme mmoja wao ni mshonaji: akifika mbele ya afisa, swali la kwanza lenye faida si "unataka kazi gani?" bali ni lipi linalomzuia leo. Je, anasoma na kuandika? Watoto anamwachia nani? Cheti chake kinatambulika? Majibu ndiyo yanayopanga hatua: lugha kwanza, kisha majaribio ya kazi karakanani, kisha maombi yenyewe. Kila hatua ina tarehe, na mpango hurudiwa hali inapobadilika.

Kurudiwa huko ndiko kwenye uzito. Mageuzi ya huduma za ajira nchini Ufini ya Mei 2022 yaliagiza mtafuta kazi ahojiwe ndani ya siku 5 za kazi tangu ajiandikishe, kisha aonane na afisa kila baada ya wiki 2 katika miezi 3 ya mwanzo. Alitakiwa kwa kawaida kuomba hadi nafasi 4 kwa mwezi, idadi ikipunguzwa kulingana na hali yake. Tangu Januari 2025 kazi hiyo iko mikononi mwa manispaa. Asiyetimiza mpango anaweza kukatwa posho ya wasio na kazi, na hapo pana hatari ya kweli: afisa akiugeuza mpango kuwa fimbo, mtu atajaza fomu ili asiadhibiwe, wala hatasema kinachomkwamisha.

Hapa Tanzania kuna TaESA, taasisi ya serikali ya huduma za ajira iliyoanzishwa 2008. Huwaandikisha watafuta kazi, huwapa ushauri, huwaunganisha na waajiri na nafasi za mafunzo kazini. Jirani zetu Kenya walitunga sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira mwaka 2016. Lakini mhitimu anayetafuta kazi ya kwanza hana posho ya kumrudisha ofisini. Akijiandikisha na kuondoka, ni rahisi jina lake libaki kwenye orodha tu.

Kwa hiyo, wahitimu, kabla ya kutoa kopi nyingi za wasifu ule ule na kuzisambaza mjini, kaeni chini mwandike mnachokiweza, kinachowakwamisha, na hatua za miezi 3 ijayo. Upelekeni mpango huo kwa afisa wa ajira, muusome pamoja naye. Msiondoke mezani kwake kabla hajaandika tarehe ya kuonana tena.